Duka Linauza, Mtaji Unakata: Mwongozo Kamili wa Kujua Fedha Zinapotelea Wapi

Wenye maduka ya rejareja wengi hupima biashara kwa mauzo. Siku ikiuza laki moja na nusu wanalala na furaha, ikiuza elfu sitini wanalaumu mtaa. Baada ya miezi sita wanakwenda kununua mzigo na kukuta fedha hazitoshi kurudisha hata nusu ya walichoanza nacho, wakati hakuna aliyevunja duka na wateja hawajapungua.

Mauzo hayakuambii kama duka linazaa au linajila. Kinachokuambia ni mtaji wenyewe: ulikuwa kiasi gani tarehe moja, ni kiasi gani tarehe moja ya mwezi unaofuata, na wewe umechukua kiasi gani katikati. Mwongozo huu unafundisha kupata namba hizo tatu na kuzifanyia kazi. Umeandikwa kwa duka la vyakula na mahitaji ya nyumbani, lile ambalo mtaani tunaita kwa Mangi, lenye mtaji wa kuanzia laki tano hadi milioni kumi hivi. Bei na hesabu zote ni za mfano. Weka za kwako.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kaunta buku mbili. Moja ya hesabu za kila siku, moja ya kuhesabu mali na kufunga mwezi.
- Daftari dogo la madeni ya wateja, linalokaa mezani muda wote.
- Kikokotoo. Cha simu kinafaa, ila simu ikipigwa katikati ya hesabu unapoteza namba. Cha mezani ni bora.
- Mzani uliohakikiwa na wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika.
- Laini ya simu ya biashara peke yake, au lipa namba. Isiwe laini unayopigia ndugu.
- Boksi au kibubu chenye kufuli kwa fedha za gharama.
- Faili la risiti za manunuzi.
- Nusu siku ya kufunga duka. Jumapili asubuhi inafaa sehemu nyingi, na karibu na msikiti mkubwa epuka Ijumaa mchana kwa kuwa hapo ndipo watu hupita.

Usianze kabla ya kupata laini ya biashara na boksi la gharama. Hatua zote za mbele zinategemea fedha zisizochanganyika.

## Hatua ya 1: Hesabu mtaji ulionao leo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo kazi nzima ilipo. Bila namba ya kuanzia, mwisho wa mwezi hutajua umepanda au umeshuka.

Fanyeni watu wawili, mmoja anahesabu kwa sauti, mwingine anaandika. Anzeni kona ya juu kushoto ya rafu ya kwanza, mwendeni kwa mstari, msiruke. Kila bidhaa iwe na safu tano: jina, kipimo, idadi, bei ya kununulia kwa kimoja, jumla.

Tumia bei ya kununulia, kamwe usitumie ya kuuzia. Bei ya kuuzia ina faida ambayo bado hujaipata. Ukiitumia, daftari litakuonyesha mtaji ambao haupo, na mwezi ujao utadhani umeibiwa.

Vitu vinavyowapiga watu chenga:

- Mfuko uliofunguliwa wa sukari, mchele au unga: upime kwenye mzani. Kukadiria kwa macho kunaweza kukosea kilo tano, na kilo tano za sukari ni faida ya siku nzima.
- Katoni iliyofunguliwa: hesabu pisi zilizobaki. Bei ya pisi moja ni bei ya katoni kugawa kwa idadi iliyomo.
- Kreti na chupa tupu za soda: ni mali yako ikiwa umelipia amana. Ziandike kwa kiasi cha amana.
- Bidhaa zilizoisha muda: thamani yake ni sifuri. Ziandike ukurasa wa peke yake, uziondoe rafuni siku hiyo hiyo.
- Friji, rafu, mzani na feni: usiviingize. Hivyo ni vifaa. Hapa tunatafuta mtaji unaozunguka.

Baada ya bidhaa, hesabu fedha za droo, za kwenye laini ya biashara na za benki. Kisha fungua daftari la madeni na uwagawe wadaiwa mafungu matatu. Anayelipa kwa wakati, hesabu deni lake lote. Aliyepitisha mwezi, hesabu nusu. Aliyehama au asiyepokea simu, hesabu sifuri, hata kama inauma. Mwisho, andika unachodaiwa wewe: mali uliyochukua kwa msambazaji, kodi ya pango iliyopita muda, mkopo.

Mfano wa duka letu:

- Bidhaa: 2,140,000
- Taslimu: 185,000
- Simu na benki: 260,000
- Wateja (315,000 kwenye daftari, zinazolipika): 240,000
- Toa unachodaiwa na msambazaji: 150,000
- Mtaji wa kuanzia: 2,675,000

*Utajua umefaulu* ukiwa na namba moja, imeandikwa na tarehe, na mtu wa pili akirudia kuhesabu rafu mbili zozote anapata idadi ile ile.

## Hatua ya 2: Tenganisha fedha

Chukua shilingi 10,000 ya mauzo. Kwa duka letu la mfano, ambalo faida ghafi yake (mauzo kutoa bei ya kununulia) ni asilimia 15 ya mauzo, 8,500 ni ya kurudisha bidhaa iliyoondoka rafuni. Kama 800 ni ya pango, umeme, usafiri na kodi. Inayobaki, kama 700, ndiyo yako. Mwenye duka anayetoa 2,000 kwenye droo ya 10,000 hiyo akidhani amechukua kidogo, amechukua faida yote na kumega 1,300 ya mtaji.

Kwa hiyo weka mafungu matatu yasiyogusana.

Fedha za duka. Droo na lipa namba. Kazi yake ni kununua mzigo tu.

Fedha za gharama. Jumlisha gharama za mwezi, gawa kwa siku za kufungua, tumbukiza kiasi hicho kwenye boksi kila jioni. Duka letu: pango 100,000, umeme 25,000, usafiri wa mzigo 40,000, vifungashio 15,000, sehemu ya mwezi ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na leseni 150,000. Jumla 330,000, yaani 11,000 kwa siku. Kodi ndiyo inayosahaulika. Chukua makadirio yako ya mwaka pamoja na ada ya leseni, gawa kwa 12, itenge kila mwezi. Asiyeitenga huilipa kwa fedha za mzigo, na rafu huonyesha pengo wiki hiyo hiyo.

Fedha za nyumbani. Posho yako, inayotoka siku moja kwa wiki. Kiasi chake kitapatikana Hatua ya 8. Kwa mwezi wa kwanza endelea kuchukua kama ulivyozoea, ila andika kila shilingi.

### Kama wewe pia ni wakala wa M-Pesa, Airtel Money au mitandao mingine

Uwakala uwe na droo yake. Kanuni ni rahisi na haina ubishi: floti, yaani salio la uwakala kwenye simu, ukijumlisha na taslimu ya uwakala lazima iwe kiasi kile kile kila jioni. Ukianza na 800,000, mteja akitoa 50,000 taslimu inapungua 50,000 na floti inaongezeka 50,000, jumla haibadiliki. Kinachoiongeza ni kamisheni tu. Ikipungua, kuna muamala ulikosewa au mkono uliingia. Tafuta usiku huo huo wakati ujumbe wa miamala bado uko juu kwenye simu.

Kosa kubwa ni kununua mzigo wa duka kwa taslimu ya uwakala "nitarudisha kesho". Kesho wateja wa kutoa fedha wanakuja, huna, wanahamia kwa jirani.

## Hatua ya 3: Andika mauzo kwa njia unayoiweza

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kila mwenye duka anaujua msemo huo. Tatizo ni kwamba kuandika kila kiberiti kinachouzwa saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa mlangoni, haiwezekani. Watu huanza kwa bidii, siku ya tano wanaacha.

Tumia njia ya kufunga siku. Andika tu kinachotoka kwenye droo wakati kinatoka, na mkopo wakati unatolewa. Mauzo utayapata jioni:

1. Hesabu taslimu ya jioni kabla ya kuweka fungu la gharama: 96,000
2. Ongeza iliyoingia lipa namba leo: 38,000
3. Ongeza yote yaliyotoka leo (mikate, nauli, chakula, ya nyumbani): 15,000
4. Toa chenji uliyoanza nayo asubuhi: 20,000
5. Toa madeni ya zamani yaliyolipwa leo: 8,000
6. Ongeza mkopo mpya uliotolewa leo: 14,000

Mauzo ya siku: 135,000.

Namba ya tano na ya sita ndizo zinazowachanganya watu. Deni lililolipwa leo liliuzwa wiki iliyopita, kwa hiyo si mauzo ya leo. Mkopo wa leo ni mauzo, hata kama fedha haijaingia.

Kila unachochukua rafuni kwenda nyumbani, hata sabuni ya kipande au nusu kilo ya sukari, kiandike kwa bei ya kununulia kwenye safu ya "nyumbani". Familia nzima ielezwe. Mtoto anayetumwa dukani kuchukua majani ya chai bila daftari anatoboa mtaji sawasawa na mwizi, tofauti ni kwamba hakuna atakayemkamata.

*Utajua umefaulu* zikipita siku saba bila ukurasa mtupu, na kazi yote ikichukua chini ya dakika kumi kila jioni.

## Hatua ya 4: Pata gharama halisi ya bidhaa kabla ya kupanga bei

Hebu tuchukue mfuko wa sukari wa kilo 50, ulionunuliwa 130,000 na kuuzwa 2,800 kwa kilo. Hesabu ya haraka inasema 140,000 kutoa 130,000, faida 10,000. Sasa ifanye inavyotakiwa:

- Bei ya mfuko: 130,000
- Usafiri, sehemu ya mfuko huu kwenye guta au bajaji: 1,500
- Vifungashio: 1,200
- Gharama yote: 132,700
- Kilo utakazouza kweli baada ya kupima robo na nusu: 49, si 50. Punje humwagika, na kila upimaji hupitisha kidogo ili mshale ushuke.
- Mauzo: 49 × 2,800 = 137,200
- Faida: 4,500

Zaidi ya nusu ya faida uliyoidhania haipo. Na mkopeshe mteja kilo mbili asizolipa, mfuko mzima umeuza bure.

Bei ya robo kilo ndiyo inayookoa. Ukiuza robo kwa 700 umebaki pale pale pa 2,800 kwa kilo, ilhali robo ndiyo inayokula vifungashio na kupitisha vipimo. Ukiiuza 750, mfuko unaotoka wote kwa robo unaleta 147,000, faida 14,300. Kwa hiyo panga bei mbili: ya kilo nzima, ambayo mteja huilinganisha na maduka mengine, na ya kipimo kidogo, inayobeba gharama ya kazi ya kupima.

Onyo: usifidie kwa kuchezea mzani. Mbali na sheria, mama mwenye nyumba anaijua kilo ya mchele kwa sufuria yake. Akigundua mara moja, habari inazunguka uchochoro mzima.

Rudia hesabu hii kwa bidhaa kumi zinazotoka zaidi. Usishtuke ukikuta sukari, unga na mafuta vina faida nyembamba. Hivyo ndivyo vinavyomleta mteja. Faida nene hukaa kwenye viungo, sabuni, kalamu, biskuti na vipodozi vidogo. Hatari ni rafu kuwa na vitu vya faida nyembamba peke yake. Vifungashio navyo visidharauliwe: tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Juni 2019, mfuko mbadala una bei, na kumpa bure mteja wa kiberiti ni kuuza kiberiti kwa hasara.

Kuna namba moja zaidi utakayoihitaji mwisho wa mwezi. Kila mzigo unapoingia, andika pembeni ya bei ya kununulia thamani yake ukiuzwa wote kwa bei zako za rafuni. Duka letu lilinunua mzigo wa 3,540,000 wenye thamani ya kuuzia 4,165,000. Tofauti ni 625,000, yaani asilimia 15 ya mauzo. Hiyo ndiyo faida ghafi unayotarajia.

## Hatua ya 5: Wekea mkopo wa wateja mipaka

Kukataa mkopo kabisa mtaani ni vigumu, na mara nyingi si busara. Fundi na mama ntilie wanaolipwa kwa wiki ni wateja wazuri. Kinachoua ni mkopo usio na kikomo.

- Kikomo cha duka zima: asilimia 10 ya mtaji. Kwa mtaji wa 2,675,000, madeni yote yasizidi 267,500. Ukifika hapo, hakuna mkopo mpya mpaka deni liingie.
- Kikomo cha mtu: kiasi anachoweza kulipa kwa malipo yake ya mara moja. Anayelipwa kwa wiki asipewe mkopo wa mwezi.
- Tarehe: iwe siku anayopata fedha. "Mwisho wa mwezi" si tarehe. Andika 28 au 30.
- Deni juu ya deni: hapana. Alipe la kwanza, hata kama anachukua lingine dakika hiyo hiyo.

Andika jina, namba ya simu, kiasi, tarehe ya kulipa, na mteja atie saini mwenyewe. Saini si kwa ajili ya mahakama. Inazuia ubishi wa "nilichukua elfu tatu, si tano".

Kumbusha siku moja kabla, kwa ujumbe wa heshima: "Shikamoo mama, kesho ni tarehe 28, ile hesabu yetu ni 12,500. Karibu." Ukisubiri ipite wiki mbili ndipo udai, tayari mmeshakwazana, na mteja ataanza kupita njia nyingine ili asikutane na duka lako. Hapo umepoteza deni na mauzo yake ya taslimu pia.

## Hatua ya 6: Nunua kwa kinachotoka

Kabla ya kwenda sokoni au duka la jumla, pita rafuni na daftari. Kwa kila bidhaa: ilikuwepo ngapi, iliingia ngapi, imebaki ngapi. Iliyouzwa ndiyo kipimo cha kununua. Ukiuza katoni mbili za sabuni kwa wiki, kununua sita kwa sababu muuzaji wa Kariakoo amepunguza 500 kwa katoni ni kulaza fedha wiki tatu ili upate 3,000, huku mchele umeisha.

Bidhaa iliyokaa siku 60 bila kutoka, ishushe hadi bei ya kununulia uirudishe kuwa fedha. Mzigo mpya upange nyuma, wa zamani mbele.

Dai risiti kila mara. Inakupa bei sahihi ya kuhesabia mali, na kwenye viwango vya chini vya kodi ya makadirio ya TRA asiye na kumbukumbu hutozwa zaidi ya mwenye nazo.

## Hatua ya 7: Funga mwezi

Tarehe ile ile, saa ile ile, kabla ya kufungua duka, rudia Hatua ya 1 yote. Duka letu baada ya siku 30:

- Bidhaa: 2,010,000
- Taslimu: 142,000
- Simu na benki (ndani yake 150,000 za kodi): 455,000
- Wateja: 290,000
- Toa unachodaiwa na msambazaji: 210,000
- Toa kodi iliyotengwa, si yako: 150,000
- Mtaji wa kufungia: 2,537,000

Mtaji umeshuka kwa 138,000. Usimfukuze muuzaji bado. Fanya vipimo viwili.

Kipimo cha kwanza: duka limezalisha kiasi gani?
Mtaji wa mwisho, toa wa mwanzo, ongeza ulichochukua nyumbani (fedha na bidhaa), toa fedha mpya uliyoongeza kutoka nje. Mwenye duka alichukua 390,000 na hakuongeza kitu: 2,537,000 − 2,675,000 + 390,000 = 252,000.

Duka halikupata hasara. Limezalisha 252,000, mwenyewe akachukua 390,000. Tofauti ndiyo 138,000 iliyokatika. Hili ndilo jibu ambalo wengi hulikuta, na ndilo gumu kulikubali, kwa sababu kila alichochukua kilikuwa na sababu: ada, dawa, mchango wa msiba.

Kipimo cha pili: lilipaswa kuzalisha kiasi gani?
Mauzo ya mwezi 4,200,000 × asilimia 15 = 630,000. Toa gharama 330,000. Linabaki 300,000. Limeonekana 252,000. Zimepotea 48,000.

Sasa tafuta zilipo, kwa mpangilio huu:

1. *Fedha.* Chukua fedha za mwanzo (taslimu, simu na benki), ongeza zilizoingia, toa zilizotoka kwa mujibu wa daftari. Zisipolingana na zilizopo, tatizo liko kwenye droo: chenji iliyozidi, au mkono.
2. *Rafu.* Fedha zikilingana, upotevu uko kwenye bidhaa: vipimo, uharibifu, panya, bidhaa za nyumbani zisizoandikwa, au wizi.
3. *Bei.* Muuzaji anauza kwa bei ya zamani wakati mzigo umepanda. Bandika bei kila kitu kinapoingia.

Kwa duka letu fedha zinalingana: zilianza 445,000, zimeishia 597,000, na daftari linaeleza ongezeko lote la 152,000. Basi ni rafu. Kuanzia wiki ijayo, hesabu bidhaa kumi tu kila Jumatatu, zile ndogo za thamani na za kupima: sigara, betri, maziwa ya unga, sukari, mafuta. Mwanzo, ongeza iliyoingia, toa iliyopo, ndiyo iliyouzwa; linganisha na fedha. Ndani ya wiki mbili utajua ni bidhaa ipi.

Ikiwa kuna muuzaji, hesabu hiyo ifanyike naye yupo, na nyote mtie saini. Kuhesabu kwa siri kisha kumtuhumu kunavunja uaminifu hata pale kosa lilipokuwa la mzani.

*Utajua umefaulu* upotevu ukishuka chini ya shilingi 5 kwa kila 1,000 ya mauzo. Kwa 4,200,000, chini ya 21,000. Kufika sifuri katika duka la kupima ni nadra, usijitese.

## Hatua ya 8: Jiwekee posho

Chukua theluthi mbili ya faida ya kipimo cha kwanza. Theluthi mbili ya 252,000 ni 168,000 kwa mwezi, karibu 39,000 kwa wiki. Ichukue siku moja, mfano Jumamosi jioni, kisha droo isiguswe mpaka Jumamosi nyingine. Theluthi inayobaki inaongeza mtaji na kufidia kupanda kwa bei za jumla. Mfuko wa unga ukipanda elfu tano, mtaji usioongezeka unanunua mifuko michache kuliko mwanzo.

Nyumba ikihitaji 390,000 na duka linatoa 168,000, hakuna mbinu ya daftari itakayoziba pengo hilo. Kuna njia tatu tu: kupunguza matumizi, kuongeza chanzo kingine cha kipato, au kuongeza faida ya duka kwa bidhaa zenye faida nene zaidi. Kaa na mwenza wako mezani mkiwa na ukurasa wa Hatua ya 7 mbele yenu. Namba zinaeleweka kirahisi kuliko maneno.

Dharura itakuja. Ikija, chukua, lakini iandike kuwa deni la mwenye duka, na posho ya wiki zinazofuata ipungue mpaka lirudi.

## Kabla ya kuchukua mkopo kuongeza mzigo

Mtaji ukikata, jambo la kwanza linalojitokeza ni mikopo ya haraka, ile watu wanaiita kausha damu. Ifanyie hesabu kwanza. Unakopa 500,000, unarejesha 20,000 kila siku kwa siku 30, jumla 600,000. Duka letu linazalisha 252,000 kwa mwezi, yaani 8,400 kwa siku. Marejesho ya 20,000 yanakula 11,600 ya mtaji kila siku, kabla hujanunua hata mboga.

Na mzigo wa ziada utaleta nini? Mtaji wa 2,675,000 ulizaa 252,000, kama asilimia 9.4. Laki tano zikizaa vivyo hivyo zitaleta 47,000, na riba ni 100,000. Umelipa 53,000 ili upate kazi zaidi.

Kanuni: rejesho la mwezi lisizidi theluthi moja ya faida iliyothibitishwa kwa miezi mitatu mfululizo, na riba ya mwezi iwe chini ya asilimia ambayo mtaji wako unazaa. Mkopeshaji awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Omba kuiona, na mkataba uusome nyumbani kabla ya kusaini. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba. Kikundi chenye daftari kama hili kina cha kuonyesha kinapohojiwa.

Duka ambalo bado lina upotevu usiojulikana lisikope kabisa. Maliza kwanza kutafuta zile 48,000, funga miezi mitatu mtaji ukipanda, ndipo uende na kurasa tatu za kufunga mwezi mkononi.